Kufuata Mpira Ughaibuni Bila Kufa Kiu: Mwongozo kwa Shabiki wa Kipsing

Inajulikana wazi kwamba Kipsing, kaunti ya Isiolo, ndiyo makao makuu ya soka duniani. Ligi ya Uingereza ikianza mwezi wa nane, hakuna kijana hapa anayeshindwa kukutajia wachezaji wote wa akiba wa Arsenal, na hakuna mtu mzima anayekumbuka lori la maji lilipita lini. Uwanja tunao: mchanga wa laga, viatu viwili kila upande vikiwa milingoti ya goli, na mechi husimama tu mbuzi wanapovuka. VAR ni mzee mmoja aliyekalia kigoda chake cha ekicholong chini ya mgunga, na uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Kasoro ni moja tu: mechi zenyewe huchezewa kwingine. Sisi tunazipata kwa dishi, sola ikiwa na nguvu na mawingu yakiwa na huruma, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, na kinywaji cha uhakika ni chai ya maziwa ya ngamia. Siku ikifika, shabiki wa kweli lazima afunge mkoba aende kuishuhudia timu yake kwa macho.

Mwongozo huu ni wake. Hautamfundisha mfumo wa kucheza wala nani apige penalti. Wachambuzi wa bure wamejaa kila benchi. Unashughulikia jambo zito zaidi. Ukishafika mji wa watu, umevaa jezi, una kiu na noti usizozijua, baa nzuri utaipata wapi, na ukiipata utaagiza nini?

Hatua ya kwanza: Chagua timu itakayokutoa nyumbani

Shabiki wa Harambee Stars ana neema ambayo Mbrazili hana: timu yake haimchoshi kwa safari. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika tumecheza mwaka 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Kati ya Tunisia 2004 na Misri 2019 tulipewa miaka 15 ya kupumzisha ini.

Hata hivyo usikate tamaa, kwani Stars wasipoenda mashindanoni huenda nje kucheza nyumbani. Mwaka 2024, viwanja vyetu vikiwa havijawa tayari, Kenya iliwakaribisha Burundi na Côte d'Ivoire mjini Lilongwe, nchini Malawi. Baadaye ikawakaribisha Zimbabwe na Kameruni kwenye uwanja wa Namboole, nje kidogo ya Kampala. Mwenyeji anayebeba pasipoti ili aingie sebuleni kwake ni mtu aliyekomaa kimataifa.

Kwa waliokwenda Lilongwe, ukarimu haukukosekana. Malawi walianza kutengeneza Carlsberg yao huko Blantyre mwaka 1968, na mnywaji wa kule aliizoea kuiita "green" bila kufikiria Denmark hata dakika moja. Anayetaka ya kienyeji zaidi hununua Chibuku, pombe nzito ya nafaka inayouzwa kwenye pakiti ya karatasi, ambayo lazima uitikise kabla ya kuifungua. Ukisahau kutikisa utakunywa maji juu na uji chini, na bado hutakuwa umeona goli: mechi ya Côte d'Ivoire iliisha 0-0.

Ukiona timu ya taifa inakuchelewesha, jiunge na klabu. Wazee wa Gor Mahia wangali wanaishi kwa mwaka 1987, walipotoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, wakatoka sare ya 1-1 Nairobi, na kombe la Afrika likabaki huku kwa hesabu ya magoli ya ugenini. Ni ushindi uliopatikana bila kushinda mechi yoyote ya fainali, na hiyo ndiyo falsafa ya msafiri mwenye busara. Usiende kutafuta matokeo. Nenda kutafuta meza.

Hatua ya pili: Nyaraka, mbuzi na mkoba

Uganda na Rwanda utaingia kwa kitambulisho cha taifa. Mpango huo umekuwapo tangu 2014. Tanzania wanataka pasipoti au hati ya muda. Kwa mtu wa Isiolo maswali ya mpakani si mageni. Hapa kitambulisho chenyewe ulikipata baada ya kuhojiwa na wazee, chifu na watu wa usalama, mpaka Rais alipotangaza kuufuta utaratibu huo mwaka 2025. Afisa wa Malaba akitaka kujua wewe ni nani na unatoka wapi, mjibu kwa uchangamfu. Umefanya mazoezi maisha yako yote.

Nauli hutoka zizini. Hapa pana kanuni moja isiyovunjwa: usiuze mbuzi wiki ya mechi, kwa sababu mnunuzi wa sokoni Isiolo naye ana ratiba ya mechi mfukoni na anaijua shida yako. Uza mapema, ukiwa na uso wa mtu anayepeleka mtoto shule. Na kabla ya kumgusa beberu wa baba, mwambie baba. Akikuuliza pesa ni za nini, mwambie ni za utafiti.

Mkobani weka jezi, sweta, chaja na dawa ya kichwa. Miraa iache Isiolo, hata kama imetoka Maua asubuhi hiyo hiyo na ingali na umande. Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014, na Tanzania sheria inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Hakuna mechi iliyo tamu kiasi cha kuisikiliza kwa redio ya askari jela.

Hatimaye, chukua rafiki mmoja asiyekunywa. Isiolo mjini wamejaa: waungwana wanaoshika swala, wanaokunywa Stoney baridi usiku kucha bila kulalamika. Huyu ndiye atakayekumbuka hoteli mliyofikia, jina la dereva na matokeo ya mechi. Mlipie chakula. Ni bima.

Hatua ya tatu: Kutambua baa

Hapa ndipo mtu wa Kipsing anapomwacha mtu wa Nairobi mbali. Mtu wa Nairobi akifika mji mgeni huwasha simu, akahesabu nyota zilizotolewa na watalii, akaishia kwenye baa yenye jina la Kiayalandi ambako bia ya nchi hiyo haiuzwi. Wewe umelelewa kutafuta maji kwenye laga kavu. Huchimbi popote, unatazama nyayo zinaelekea wapi, nani ametangulia, na mifugo yake imerudi ikiwa imetosheka au la. Baa hutafutwa vivyo hivyo.

Kuanzia saa kumi na moja jioni, simama kando ya barabara utazame wanaotoka kazini. Wenye haraka wanakwenda nyumbani, hao waache. Wanaotembea polepole, wawili wawili, wakizungumza kwa mikono, wafuate.

Bodaboda usimuulize "baa nzuri iko wapi?" Swali hilo litakupeleka mahali penye taa za rangi na bei za rangi hiyo hiyo. Muulize yeye akimaliza kazi hukaa wapi. Akikujibu kwamba hanywi, muulize huwa anawachukua wapi wateja wasioweza kupanda pikipiki bila kusaidiwa. Jibu litakuwa sahihi, na utakuwa umeshapata usafiri wa kurudi.

Ukifika mlangoni, soma kreti. Kreti tupu zilizopangwa hadi kwenye dari, zote za kampuni moja ya nchi ile, ni ishara kwamba bia inatoka na nyingine inaingia, haijalala. Chupa za nchi ishirini zilizopangwa rafuni kama maonyesho ni ishara kwamba zimekuwa hapo tangu rais aliyepita.

Tazama kaunta. Sisi tumezoea kaunta yenye nondo, mhudumu akiwa ndani na pesa zikipita kwenye kidirisha, mpaka mgeni hajui nani kamfungia nani. Ukikuta kaunta isiyo na nondo, usidhani wamesahau kujenga. Keti kwa adabu, umeaminiwa.

Tazama televisheni, na zaidi ya hapo tazama rimoti. Baa inaweza kuwa na skrini nne, lakini kama rimoti iko mikononi mwa mama mwenye baa na saa mbili usiku kuna tamthilia, hakuna mechi. Mwombe ruhusa kabla hujaagiza. Baada ya kuagiza huna nguvu ya majadiliano.

Choo kikague kabla ya chupa ya pili. Baada ya ya nne utakisamehe, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwisho, chupa ifunguliwe mbele yako, nawe ubaki na vifuniko. Vipange mezani mstari mmoja. Usiku wa manane, weita akisema mmekunywa kumi na nane nawe unadai kumi na mbili, vifuniko ndiyo mashahidi pekee ambao hawajalewa.

Hatua ya nne: Kila nchi na kinywaji chake

*Uganda.* Mkenya huanguka Uganda kwa sababu ya hesabu. Tusker ya kawaida ina kilevi cha asilimia 4.2; Nile Special, inayotoka Jinja kwenye chemchemi ya mto wenyewe, ina asilimia 5.6. Chupa ni nusu lita ile ile, meza ni ile ile, jamaa anakunywa mwendo ule ule, kisha kipindi cha pili anaimba wimbo wa taifa wa nchi ambayo haimo uwanjani. Anza na Bell, iliyopewa jina la bandari ya Port Bell, Ziwa Victoria, kisha panda taratibu. Agiza muchomo, mwite mhudumu "ssebo" au "nnyabo", na usitishwe na bili inayosomeka kwa makumi ya maelfu. Hujanunua shamba, ni shilingi ya Uganda.

*Tanzania bara.* Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulifunguliwa 2007 na unachukua watu 60,000, ambao wote ni makocha. Kabla ya bia, shughulikia mavazi. Ukivaa nyekundu ya Harambee Stars umekuwa Simba. Ukivaa kijani cha Gor Mahia umekuwa Yanga. Hakuna atakayekuuliza, utapokelewa kama ndugu au utakaliwa mbali, kulingana na mtaa. Jezi ya AFC Leopards, buluu na nyeupe, ni salama, kama ilivyo salama kwenye msimamo wa ligi.

Tafuta grosari ya mtaani, viti vya plastiki nje, jiko la mishkaki pembeni. Kuna Kilimanjaro, Safari, Serengeti, na ukielekea Kanda ya Ziwa kuna Balimi. Tatizo kubwa la Mkenya hapa ni kinywa chake. Akiingia anasema: "Nipe Kili baridi, haraka." Dada wa kaunta humtazama kama mtu aliyeingia na pikipiki sebuleni. Kule huanzwa na salamu, habari za jioni, habari za huko mtokako, poleni na safari, halafu: "Naomba Kilimanjaro moja, dada." Ni maneno mengi, lakini bia hufika mapema zaidi. Aliyeamrisha huambiwa friji imezima.

*Zanzibar.* Ukifuata Kombe la Mapinduzi mwezi Januari, punguza matarajio. Uwanja wa Amaan unapendeza, urojo unapendeza, lakini bia hukaa kwenye hoteli na sehemu chache zenye leseni, nawe usiitafute kwa sauti. Kwa anayependa mafumbo: mwaka 2013 klabu ya Tusker, yenye jina la bia, ilifika fainali ya kombe hilo ikafungwa 2-1 na Azam, ambayo jina lake liko kwenye unga, juisi na aiskrimu. Kisiwa kilikuwa kimetoa fatwa yake.

*Ethiopia.* Hii ndiyo safari ya asili ya mtu wa Isiolo, kwa maana lami inatoka mjini kwetu hadi Moyale, kama kilomita 500, bila kuikanyaga Nairobi. Oktoba 2018 Kenya ilikwenda Bahir Dar ikatoka 0-0, na siku chache baadaye ikashinda 3-0 Kasarani. Kwa hiyo aliyesafiri hakuona goli, aliyebaki akaona matatu. Msafiri alilipwa kwa njia nyingine. Kiwanda cha bia cha Saint George cha Addis Ababa kilianza 1922, mwaka ule ule kampuni iliyotuletea Tusker ilipoanzishwa, na mji huo una klabu kubwa ya jina hilo hilo, Saint George, ya tangu 1935. Ukitaka bia ya pipa kwenye glasi kubwa, agiza "jambo." Usiwasalimie watu hovyo ukiwa na haraka ya kuondoka.

Tena, Waethiopia huhesabu saa kama sisi: saa moja ya asubuhi jua limechomoza sasa hivi. Mzungu akiambiwa mechi ni saa kumi huja saa nne usiku, taa zimezimwa. Wewe utakuwa umeshakaa. Ila angalia siku: Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga nyama na maziwa, na jikoni vivyo hivyo. Mfugaji akiletewa shiro ya dengu Jumatano jioni asilie. Kesho ni Alhamisi.

*Misri.* Tarehe 27 Juni 2019, Cairo, Kenya ilitoka nyuma mara mbili ikaifunga Tanzania 3-2. Michael Olunga alifunga mawili na Johanna Omolo moja. Baada ya ushindi wa namna hiyo mtu huhitaji baa, na mtaa wa Bab al-Luq una mkahawa mkongwe wa Horreya, ambako Stella huja na wateja wengine wanacheza sataranji. Stella hii ni ya Misri, ya tangu 1897, wala haina undugu na ile ya Ubelgiji. Usiisherehekee barabarani. Kunywa ndani, toka nje ukiwa kama mtu aliyekuwa kwenye mkutano wa ushirika.

*Qatar.* Wakenya wengi wanafanya kazi kule, na watakueleza vizuri kuliko mwongozo wowote. Kombe la Dunia la 2022 lilifunguliwa tarehe 20 Novemba. Tarehe 18, zikiwa zimebaki siku mbili, ikatangazwa kwamba bia haitauzwa kwenye viwanja. Ikabaki hotelini na kwenye bustani ya mashabiki kuanzia jioni, riyali 50 kwa nusu lita. Wazungu walilia mbele ya kamera. Mtu wa Kipsing angewauliza tu: kwani dakika 90 bila kinywaji ni ukame?

*Uingereza.* Hatimaye, hija yenyewe. Jua mambo matatu. Kwanza, tangu sheria ya 1985, huruhusiwi kunywa pombe mahali unapouona uwanja ukiwa kwenye kiti chako. Unakunywa chini ya jukwaa, unasikia goli juu ya kichwa, unapanda kuuliza nani kafunga. Kwa aliyezoea dishi linalokatika dakika ya 88, si tofauti kubwa. Pili, karibu na uwanja wa Arsenal, baa nyingine huandika mlangoni kwamba ni za mashabiki wa nyumbani tu. Onyesha jezi, ingia. Umekuwa shabiki wa nyumbani tangu darasa la pili, ni nyumba iliyokuwa mbali. Tatu, bia zao za kienyeji za pipa hazitolewi kwenye friji. Huja na ubaridi wa sakafu ya chini. Wamarekani hulalamika. Wewe unatoka nchi ambayo weita hukuuliza "ya moto ama baridi?" na mzee wa heshima hujibu "ya moto". Chukua painti yako ya mililita 568, unywe kama mtu mzima, na watu wa kaunta watakuona umesoma.

Hatua ya tano: Pombe za kienyeji zenyewe

Bia ya chupa ni ya kienyeji kwa lebo tu. Anayetaka ya kweli aende inakopikwa.

Uganda tafuta malwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwenye chungu kimoja katikati ya duara. Kila mtu ana mrija wake mrefu, na mwenye chungu hupita akiongeza maji ya moto kila kinapopungua. Ukikaribishwa, salimia duara zima, pokea mrija, uvute kidogo kidogo. Usiutoe mrija ukaushika juu ukieleza ofsaidi, unawadondoshea watu. Kwenye chungu cha malwa hakuna anayejua amekunywa kiasi gani, kwa hiyo hakuna anayebishana juu ya bili. Ni mfumo ambao wahasibu wa mashirikisho yetu ya soka waliuelewa mapema.

Moshi, chini ya Kilimanjaro, kuna mbege ya Wachaga, ya ndizi na ulezi. Iringa kuna ulanzi unaogemwa kwenye mianzi. Addis kuna tej ya asali, inayokuja kwenye chupa ndogo yenye shingo nyembamba. Rangi yake ni ya juisi ya watoto na tabia yake si ya watoto. Pwani yetu wenyewe kuna mnazi, mtamu asubuhi, mkali jioni, na kesho yake ni siki.

Usiogope uchache wa vyombo wala ukosefu wa lebo. Ogopa jambo moja: pombe isiyojulikana imepikwa na nani. Mama anayepika mbele ya majirani zake miaka yote, na majirani wangali hai na wanamdai, huyo ni kiwanda kilichokaguliwa. Chupa ya maji iliyojazwa kitu cheupe na kijana anayetazama pembeni, hiyo si ya kienyeji ya mahali popote. Kenya tumezika watu wengi na kupofusha wengine kwa ajili ya hiyo. Hapo kejeli inakoma. Rudi kwenye Stoney ya rafiki yako.

Hatua ya sita: Adabu ukiwa mgeni

Raundi ya kwanza ikinunuliwa na mwenyeji, ya pili ni yako. Usijifanye unatafuta simu. Isitoshe, M-Pesa inayofanya kazi kila duka la Isiolo inaweza kukataa ukishavuka mpaka, beba taslimu.

Usiseme bia yao ni mbaya kuliko yetu. Ukishikwa sana, simulia asili ya Tusker: mmoja wa ndugu waasisi wa kiwanda, George Hurst, aliuawa na tembo, na bia ikapewa jina na picha ya aliyemuua. Wageni watacheka wakidhani ni ngano. Wewe, unayejua tembo akiingia bomani usiku hali inakuwaje, utanyamaza kidogo, na meza nzima itakununulia nyingine.

Mkifungwa, pongeza. Mkishinda, pongeza zaidi na ukae karibu na mlango. Refa msemeni nyote pamoja, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee anayeweza kuunganisha mashabiki wa nchi mbili bila mkataba wa jumuiya.

Na kabla hujaondoka, muulize mama mwenye baa mechi ijayo ataionyesha ama ni tamthilia. Akisema ataionyesha, umepata baa.

Hatua ya saba: Wao wakija kwetu

Ujuzi huu sasa utageuzwa. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kionjo tulikipata Agosti 2025 kwenye CHAN, tulipowafunga Morocco, tukavunja utaratibu wa mageti hadi CAF wakapunguza idadi ya mashabiki Kasarani, kisha Madagaska wakatutoa kwa penalti. Sasa mashabiki wa nchi nyingine watakuja wakiwa na jezi, kiu na noti wasizozijua, na mmoja wao hakosi kupotea. Atapanda gari la Nanyuki, atapitiliza Isiolo, na jioni moja atashuka Kipsing akiuliza baa.

Mpokeeni vizuri. Mpeni chai kwanza, ili ajue mambo mengine hayana haraka. Mwonyesheni uwanja wa laga na mzee wa VAR. Mwelezeni pia kuhusu mradi mkubwa wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia, ambao ndani yake Kipsing Gap ilitengewa mji mzima wa mapumziko, wenye hoteli za kifahari. Mpaka leo anayepumzika ni mradi.

Kisha mpelekeni pale mnapokaa nyinyi wenyewe. Kama ni bia iliyokuja kwa pikipiki kutoka Isiolo, ifunguliwe mbele yake na vifuniko apewe avihesabu. Kama ni pombe ya asali, aambiwe imepikwa na nani. Akiuliza sasa hiyo hoteli ya kimataifa itafunguliwa lini, mwambieni ameshaingia, benchi analokalia ndilo la wageni mashuhuri, na raundi inayofuata ni yake. Taslimu.